Mama Green na Makaratasi ya Serikali

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wenzangu wa masijala, na ninyi wanafunzi mliopakiwa kwenye basi tangu alfajiri bila kuambiwa mtakula saa ngapi: itifaki imezingatiwa.

Nimetakiwa nizungumzie maisha ya mwanahistoria mmoja. Najua waandaaji walitegemea nitawaletea mzee wetu fulani mwenye mvi. Nimewaletea mwanamke wa Kiingereza, binti wa mhubiri, mke wa mchoraji, aliyeishi zama za Malkia Victoria na kufariki mwaka 1895. Anaitwa Mary Anne Everett Green. Anayemjua anyooshe mkono. Haya. Hata mwenyekiti kanyamaza.

Mimi nilimfahamu kikarani. Miaka mingi nyuma nilipelekwa kozi ya utunzaji wa nyaraka, mwalimu akatugawia nakala ya ukurasa mmoja wa orodha ya barua za kale za Uingereza, tuone orodha nzuri inavyokuwa. Kila barua ilikuwa na tarehe, nani kaandika, kamwandikia nani, kutoka wapi, halafu mistari miwili mitatu ya yaliyomo. Safi kama kitanda kilichotandikwa. Nikauliza, nani kaandika orodha hii? Mwalimu akajibu, serikali. Nikamwambia, mwalimu, serikali haishiki kalamu. Darasa likacheka, mimi nikabaki na swali langu, na swali hilo ndilo lililonifikisha kwa mama huyu.

Alizaliwa Sheffield mwaka 1818, akiitwa Mary Anne Everett Wood. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti, na wahubiri wa dhehebu hilo walikuwa hawakai mahali pamoja. Leo mji huu, baada ya miaka michache mwingine. Kwa hiyo alifundishwa nyumbani, na baba ndiye aliyekuwa shule yake. Hakukuwa na chuo kikuu chochote Uingereza ambacho kingempa shahada msichana. London walianza mwaka 1878, Oxford 1920, Cambridge wakangoja mpaka 1948. Jina Everett alipewa kwa heshima ya rafiki wa familia, James Everett, mhubiri na mwandishi, ambaye ndiye aliyemtia hamu ya mambo ya kale.

Mwaka 1841 familia ikahamia London. Binti ana miaka 23, na umbali wa kutembea kwa miguu kuna maktaba ya British Museum. Wenye kujua ugonjwa huu wanaelewa kilichofuata. Akaanza kusoma miandiko ya kale, si vitabu vilivyokwisha kupigwa chapa bali barua zenyewe, na barua alizozikusanya kwanza zilikuwa za wanawake: malkia, watawa, mabibi wa majumba makubwa, kuanzia karne ya 12. Zikatoka kwa majuzuu 3 mwaka 1846. Mwaka mmoja kabla alikuwa ameolewa na mchoraji, George Pycock Green, wakakaa Paris na Antwerp kwa ajili ya masomo ya mume, na yeye huko huko akaendelea kufukua. Baadaye yakafuata maisha ya mabinti wa wafalme wa Uingereza, majuzuu 6, kati ya 1849 na 1855.

Hapa lazima nimtaje bibi mwingine, maana zama hizo ukisema mwanamke mwanahistoria Waingereza walimfikiria huyu: Agnes Strickland. Majuzuu yake 12 ya maisha ya malkia wa Uingereza yalisomwa sana sebuleni mwa watu. Na ukitazama jalada utaona jina moja, Agnes, ilhali dada yake Elizabeth aliandika sehemu kubwa na akakataa jina lake lisichapwe. Ninampenda Agnes kwa jambo moja. Alipoomba ruhusa ya kusoma barua za serikali, waziri aliyekuwa na mamlaka hayo, Lord John Russell, akamkatalia. Hakuondoka. Alisubiri akaja waziri mwingine, Lord Normanby, akaomba tena, akapewa. Sote tunaujua mchezo huo wa "njoo kesho". Yeye aliucheza akashinda.

Agnes aliomba mlango ufunguliwe aingie asome, atoke akaandike kitabu chake. Mama Green yeye aliingia akabaki ndani, akawapangia wengine njia.

Niwaeleze hali ya nyaraka za Uingereza wakati huo, ili msidhani vumbi ni letu peke yetu. Zilikuwa zimetawanyika: nyingine kwenye ngome ya Tower, nyingine katika jengo la kanisa la Westminster, nyingine kwenye mabanda yaliyojengwa kwa ajili ya farasi. Mwaka 1834 wakubwa waliamua kuchoma vijiti vya mbao vilivyotumika karne nyingi kama stakabadhi za hazina. Wakavitia kwenye matanuru ya joto chini ya Bunge. Moto ukazidi, Bunge likaungua usiku ule. Nyumba ya kutunga sheria iliteketea kwa sababu ya kutupa kumbukumbu ovyo. Ningekuwa na uwezo ningeibandika picha ile kwenye kila masijala. Na kulikuwa na panya. Ofisa mmoja, Henry Cole, katika kupigania nyaraka zitunzwe, alimtumia panya mkavu aliyekutwa katikati ya mafurushi kama ushahidi. Panya yule yupo mpaka leo, amehifadhiwa kule Kew, London, kwenye jengo la nyaraka za taifa, na ana namba yake ya kumbukumbu kama faili lolote. Karani mmoja niliyefanya naye kazi alisema huyo ndiye mtumishi pekee wa nyaraka aliyepata cheo baada ya kufa.

Sheria ya kuziweka nyaraka mikononi mwa msimamizi mmoja ilipita mwaka 1838, na ujenzi wa jengo jipya ukaanza 1851. Lakini jengo si orodha. Kulikuwa na maelfu kwa maelfu ya barua za mawaziri, taarifa za majasusi, maombi ya wajane, hesabu za jeshi, zote zimefungwa mafurushi mafurushi na hakuna ajuaye kilichomo bila kulifungua furushi zima. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waingereza walikuwa na mali. Daftari ndilo hawakuwa nalo.

Ikaamuliwa wachapishe muhtasari wa kila waraka, mwaka kwa mwaka, utawala kwa utawala, ili msomaji aliyeko Edinburgh au Calcutta ajue kuna nini London bila kupanda meli. Kazi hiyo wakapewa wahariri wa nje, watu wasio waajiriwa wa kudumu. Sir Francis Palgrave, mkuu wa nyaraka, alikuwa amemwona Mama Green akifanya kazi, akampendekeza kwa Sir John Romilly, jaji mkubwa aliyekuwa msimamizi wa nyaraka za taifa. Mwaka 1854 akaingia kazini.

Akaifanya mpaka alipofariki. Miaka 41. Majuzuu 41. Wanafunzi, sisemi kurasa 41. Nasema majuzuu, kila moja kurasa mia kadhaa, na mwishoni faharasa ya majina ambayo peke yake ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Nataka tukae kidogo hapa kwenye kazi yenyewe, maana watu husema "alihariri nyaraka" kama wanavyosema "alipika wali", na hakuna anayeuliza kuni zilitoka wapi.

Chukua barua moja. Karatasi ngumu, wino umegeuka rangi ya kutu, mwandiko wa karne ya 17 ambao herufi e inafanana na o na h imezama chini ya mstari. Kwanza uisome. Inaweza kuwa Kiingereza, inaweza kuwa Kilatini, Kifaransa au Kiitaliano, na nyingine zina tarakimu za siri. Barua za Malkia Henrietta Maria kwa mumewe Charles wa Kwanza, ambazo Mama Green alizichapisha mwaka 1857, ziliandikwa kwa Kifaransa na baadhi ya sehemu zilifichwa kwa namba. Ukishaisoma, uipe tarehe. Tarehe si iko juu ya karatasi? Haya, imeandikwa tarehe 10 Februari 1604. Ukiiweka mwaka 1604 umeharibu. Kabla ya 1752, kwa hesabu rasmi ya Waingereza mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari ile ya 1604 kwa hesabu yetu ni Februari 1605. Tena kama barua imetoka Paris, kalenda ya kule iko mbele siku 10, na jibu linaweza kuonekana limeandikwa kabla ya swali. Wenzangu mliowahi kushika barua za kale za Unguja zenye tarehe za Hijria mnaijua kazi hii. Karani aliyelala usingizi hapo anawatia makosani watafiti wa vizazi vitatu.

Na hizo ndizo zenye tarehe. Zisizo na tarehe unazikisia kwa ndani: kamtaja askofu fulani kwamba ni mgonjwa, askofu alifariki mwezi gani? Kasema meli imefika Plymouth, meli ipi? Kumbukumbu zote hizo hazikuwa kwenye kompyuta. Zilikuwa kichwani mwake.

Halafu ndipo uandike mistari yako miwili. Hapo pana uzito kuliko kote, kwa sababu ukiacha neno, limeachwa. Mtafiti atakayekuja miaka 100 baadaye atasoma mistari yako, ataamua asilifungue furushi, ataenda zake.

Nitawapa mfano mmoja. Juzuu la kwanza la enzi ya Mfalme James wa Kwanza, lililotoka mwaka 1857, linaanzia 1603 mpaka 1610. Ndani yake kuna Novemba 1605. Usiku wa kuamkia tarehe 5 mtu alikamatwa chini ya jengo la Bunge pamoja na mapipa 36 ya baruti. Akaulizwa jina, akasema ni John Johnson, mtumishi wa bwana Percy. Mfalme akaidhinisha ateswe. Siku chache baadaye jina likawa Guy Fawkes, na chini ya maelezo yake ipo sahihi, neno moja tu, Guido, limeandikwa na mkono ambao hauwezi tena kushika kalamu. Herufi zinayumba, zinafifia. Karatasi hizo zimo katika nyaraka alizozipitia Mama Green. Katika orodha yake hakuna machozi wala hotuba. Ni mahojiano ya fulani, tarehe fulani, alikiri hili na lile, na mahali karatasi ilipo. Wapo wanaosema huo ni ukavu. Mimi naona ni adabu. Hakutaka kusimama kati yako na ile sahihi.

Katika dibaji zake aliongea kwa uhuru zaidi, ingawa nitakuwa mkweli, nyingine ni ndefu. Na vitabu vyake vya mabinti wa wafalme, nimevisoma kwa kupumzikapumzika. Humo kila mtu ni wa ukoo, na mpishi wa ukoo ule hana jina. Lakini tazama kazi ilivyompeleka. Aliyeanza na mabinti wa wafalme aliishia, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1880, kwenye karatasi za zile kamati za Bunge zilizowatoza faini wafuasi wa mfalme aliyeshindwa vitani, na humo ndimo mlimo na watu wadogo: mjane anaomba arudishiwe theluthi ya shamba, mpangaji anasema hakuwahi kubeba silaha, jirani anamchongea jirani. Majuzuu 13 ya miaka ambayo Uingereza haikuwa na mfalme, 1649 mpaka 1660, kisha 3 ya kamati moja, kisha 5 ya kamati nyingine. Nyaraka hizo ziliogopwa kwa wingi na fujo yake. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipokuwa mwanahistoria mkubwa, ingawa neno historia halimo kwenye anwani ya hata juzuu moja.

Palikuwa na mhariri aliyemtangulia kwenye nyaraka za enzi ya Malkia Elizabeth, Robert Lemon. Muhtasari wake ulikuwa mfupi mno, mstari mmoja, wakati mwingine nusu: "barua kuhusu mambo ya bandari." Mambo gani? Lemon alipofariki mwaka 1867, Mama Green aliendelea pale alipoishia, na orodha ikanenepa. Weka majuzuu hayo mezani, la Lemon kushoto na la Green kulia. La kushoto linakuambia barua ipo. La kulia linakuambia barua inasema nini.

Msidhani pia ilikuwa kazi ya utulivu isiyo na siasa. Mwaka 1859 aliajiriwa mhariri mwingine, William Turnbull, Mkatoliki. Vyama vya Waprotestanti vikapiga kelele kwamba Mkatoliki ataficha au kuiba nyaraka za Matengenezo ya kanisa. Mwaka 1861 akalazimika kujiuzulu, ingawa hakuna aliyeonyesha karatasi hata moja iliyopotea. Ndiyo kusema watu wa nje walielewa vizuri sana kwamba anayeandika orodha ana nguvu. Ni sisi wa ndani tunaosahau.

Na nyumbani je? Aliishi Gower Street, jirani na British Museum, na watoto wake. Binti mmoja, Evelyn, aliyezaliwa 1856, akawa mwandishi wa riwaya mwenye vitabu mamia. Piga hesabu: mwaka aliozaliwa Evelyn mama yake alikuwa katikati ya juzuu la Mfalme James, na mwaka uliofuata juzuu likatoka. Baba mchoraji, mapato ya mchoraji mnayajua. Tena kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mshahara wa mwanamke aliyeolewa ulikuwa mali ya mumewe, mpaka sheria ya 1870 ilipobadilisha. Ina maana kwa miaka 16 ya kwanza kila senti aliyoipata kwa kusoma miandiko ile, kisheria, haikuwa yake. Kina mama hapa mbele naona mnatazamana. Tutaongea wakati wa chai.

Sasa, mzee mmoja pale nyuma najua ana swali: haya yote yanatuhusu nini? Mzee, jengo analotunziwa panya yule, pale Kew, limetunza na habari zetu. Wakati wa kuondoka makoloni, Waingereza walichagua mafaili waliyoona hayafai kuachwa, mengine wakayachoma, mengine wakayasafirisha. Mengi yakawekwa Hanslope Park, kaskazini mwa London. Kwa miaka karibu 50 watafiti waliuliza wakaambiwa hakuna kitu. Hayakuwa kwenye orodha yoyote ambayo raia angeweza kuiona. Kisha wazee wa Kenya waliopigwa na kuteswa wakati wa Mau Mau wakaishtaki serikali ya Uingereza London, na mwaka 2011 ikabidi ikiri: mafaili takriban 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, Tanganyika ikiwemo. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500, kwenye masanduku 300 hivi. Mwaka 2013 serikali ile ikakubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000.

Serikali ile ile iliyomlipa Mama Green miaka 41 aorodheshe mpaka ombi la mjane wa mwaka 1650 ilijua kabisa, ilipotaka, namna ya kutoorodhesha. Hawakuhitaji kuyachoma yote. Ilitosha yasiwe na orodha. Mimi nilipoisoma habari ile nilikuwa bado kazini, na siku ile niliingia chumba cha nyuma cha ofisi yetu, ambako kulikuwa na magunia tuliyoyaita "ya baadaye", nikayaangalia kwa haya. Baadaye yenyewe ilikuwa na miaka 14.

Tulianza na gunia moja. Tulikuta barua za mwenyekiti wa kijiji akiomba mabati, orodha za wanafunzi, na daftari moja la zahanati ambalo ndani yake binti mmoja alikuja kupata tarehe ya kuzaliwa ya mama yake. Daftari lilikuwa limeandikwa juu "Mengineyo".

Mama Green alifariki Novemba 1895. Mpwa wake, Sophia Crawford Lomas, aliyejifunza kazi kwake, alikuwa naye ameshaingia kwenye nyaraka zile zile, na mwaka 1909 akatoa upya kitabu cha shangazi yake kuhusu Elizabeth, Malkia wa Bohemia, akakisahihisha pale nyaraka mpya zilipokuwa zimejitokeza. Akaliweka jina la shangazi kwenye jalada, na lake dogo chini yake kama msahihishaji.

Mwenyekiti ananionyesha saa, na wanafunzi wananionyesha matumbo. Tangazo moja. Kesho saa tatu asubuhi, ukumbi mdogo, tumepewa masanduku matatu ambayo hayajawahi kufunguliwa tangu yalipofungwa. Kila mtu atachukua karatasi 10, aziandikie tarehe, nani kwa nani, na mistari miwili. Ukiona waraka hauna tarehe usiurudishe sandukuni. Njoo nao kwangu. Naweni mikono, vueni pete zenye ncha, na leteni penseli. Kalamu za wino zinaachwa mlangoni.